Kitanda cha Atanasi

Simu ya Kastori ilinikuta jikoni kwangu Uyole nikimenya viazi, na kwa namna alivyoanza kwa kuniuliza habari za mvua, kisha za magoti yangu, kisha za wajukuu mmoja mmoja kwa majina, nikajua kuna mtu amekufa. Wahehe hawakurupuki na msiba. "Mama ametutoka jana jioni," alisema mwishowe. "Tunazika keshokutwa, hapa hapa Kilolo. Na dada Gau, kuna neno." Akakohoa kidogo. "Wiki nzima alikuwa hasemi na mtu. Juzi akafumbua macho, akasema, mwiteni yule Mngoni aje kuchukua kitanda chake. Wenzangu walidhani homa imempanda kichwani. Mimi ndiyo nilimwelewa." Nilimjibu kwamba nitafika. Kisha nikaendelea kumenya viazi mpaka nikamaliza ndoo yote, na mimi siku hizi naishi peke yangu, viazi vitatu vinanitosha.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa akina nani; wametajwa vya kutosha kwenye sala. Inatosha kujua kwamba mimi ni Mngoni, kwamba mwaka ule wa sabini na nane nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kwamba nilikuwa nimepata kazi Iringa mjini kwenye karakana ya kushona nguo. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kihehe, mjane, kule mlimani ambako nyumba zimekaa juu ya mawe na moshi wa jirani unaingilia dirishani kwako. Chumba changu kilibandikwa magazeti ukutani kuzuia vumbi la udongo, na nilikuwa na kitanda cha kamba kifupi mno, nikinyoosha miguu visigino vinagusa sakafu. Upande wa pili wa ukuta kilikuwa chumba cha Atanasi, mtoto wake wa kwanza, seremala, ambaye kwa jina lake watu wote walimwita mama yule Mama Atanasi. Kastori alikuwa bado anasoma darasa la tatu na alilala na mama yake.

Siku niliyofika nilimkuta Mama Atanasi uani anapepeta mahindi. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akaniuliza kabila. Nilipomwambia, aliweka ungo chini, akageuka kuelekea ndani na kupaza sauti, "Atanasi we! Njoo ufunge ghala, Mngoni ameingia! Panya wetu wamekwisha leo!" Kijana mrefu akatoka na randa mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi, akanitazama toka kichwani hadi miguuni kama anayekagua mbuzi wa mnadani. Mimi nilikuwa nimelelewa vizuri, nilijua wajibu wangu: Mhehe akimwita Mngoni mla panya, naye huitwa mla mbwa. "Na nyie mbona sisikii mbwa akibweka?" nikasema. "Mmeshamla?" Mama Atanasi alicheka mpaka akashika ubavu. Hivyo ndivyo nilivyopokewa katika nyumba ile, na tangu saa ile sikuitwa Gaudensia tena. Nikawa Mngoni.

Vijana wa sasa wanadhani utani ni mambo ya kuchekeshana tu. Babu zetu na babu zao walichomana mikuki miaka mingi, kila upande ukazika, mpaka wakachoka, na walipochoka wakagundua kwamba hakuna anayekujua vizuri kama mtu aliyetaka kukuua. Ndipo wakapeana ruhusa: wewe unitukane nisikasirike, na siku nikifa uje unizike. Akifa Mhehe, Mngoni anakuja msibani kuharibu huzuni. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anaficha sufuria za wapishi, analala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Hiyo ndiyo kazi yake, na wafiwa wanamngojea kama wanavyomngojea padri. Katika umri wangu huu nimeona na kusikia mengi ya vita, na hiyo ndiyo faida pekee ninayoweza kuiapia kwamba vita viliwahi kuacha duniani.

Jioni tulikula pamoja jikoni, kwa sababu Iringa ina baridi na jiko lilikuwa moja. Ugali, mboga ya mnafu, siku nyingine maharage yaliyopikwa toka asubuhi, na msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika Atanasi alileta kibuyu, akatumiminia wote kidogo, hata Kastori ambaye alipewa ule mtamu wa siku hiyo hiyo. Mazungumzo yalikuwa yale yale na hayakutuchosha. Atanasi alikuwa amejitengenezea kitanda cha mninga, kikubwa ajabu, alikiunga humo humo chumbani maana mlangoni kisingepita. Alikisifia kitanda kile utadhani amejenga daraja. "Wewe endelea kulala umejikunja kama panya mwenzio," aliniambia. "Kitanda cha mwanaume hukijui." Nami nikamjibu kwamba siku moja nitakirithi. Ilikuwa hivyo kila jioni. Nasema wazi sasa, kwa sababu wote waliopaswa kuona aibu wameshakufa: nilimpenda Atanasi. Nilimpenda toka siku ile ya randa. Lakini ukishakuwa mtani wa mtu unaweza kumwambia lolote isipokuwa neno la kweli, akilisikia atacheka.

Vita vilitufikia kwa kitambaa kabla ya kutufikia kwa habari. Karakana yetu ilikuwa ikishona sare za shule na magauni ya kanisani. Asubuhi moja ya mwezi Novemba tulikuta vitambaa vyote vya maua vimeondolewa mezani na mahali pake pamepangwa majora ya kijani, kijani nzito ya majani ya mgomba, mpaka dirishani. Msimamizi wetu hakueleza kitu. Alisema tu kwamba kuanzia leo kila kifungo kishonwe mara mbili, kwa sababu kifungo kikikatika huko kinakokwenda, hakuna wa kukirudishia. Mimi nilikuwa wa vifungo. Nilishona vifungo mpaka ncha ya kidole gumba ikafa ganzi, na hata leo ukinichoma pale sisikii vizuri. Wakati wa mapumziko wasichana tuliyavaa yale mashati ya jeshi na kupiga gwaride kati ya vyerehani tukichekana. Siku hizi raia akionekana na nguo ile atagaragazwa kwenye matope mbele za watu. Sisi tuliijua kabla haijawa na heshima hiyo.

Baada ya hapo kila kitu kilivaa kijani. Redio ya jirani ilitolewa uani na kuwekwa juu ya kinu, watu wakaja kusikiliza wamesimama. Watoto wa shule waliokuwa wakikimbia mchakamchaka kwa nyimbo za kilimo wakaanza kuimba za kumchinja adui, na Kastori akawa anawapigia saluti mbuzi wa watu. Sukari ikapotea, tukanywa chai ya chumvi. Sabuni ikapotea, tukafulia majivu. Kijana aliyekuwa anachumbia aliulizwa kwanza kama amepitia mgambo. Atanasi alikuwa amepitia mgambo miaka miwili nyuma, kwa sababu hapo kijijini kwao Kilolo waliopitia walipewa viatu, na yeye alitaka viatu. Mama yake alirudia jambo hilo miezi yote ile, wakati mwingine akiwa peke yake jikoni, nikimsikia kupitia ukutani: "Viatu tu. Mtoto alitaka viatu."

Walichukuliwa asubuhi, kutoka uwanjani, kwa malori. Ukungu ulikuwa mzito na akina mama walikuwa wanawatafuta watoto wao kwa kuita majina, kwa sababu wote walikuwa wamevaa namna moja na kunyolewa namna moja. Tulimkuta Atanasi karibu na gurudumu la nyuma, mabuti yake mapya yanamlia anapotembea. Mama Atanasi alimpa mahindi ya kukaanga ndani ya kitambaa, akamshika shavu, akashindwa kusema. Wote wakanitazama. Nilijua ninachotakiwa kufanya, nikafanya. "Nenda bwana," nikasema kwa sauti ili na wengine wasikie. "Nenda wakakuue huko haraka, mimi nimechoka kitanda cha kamba. Leo jioni nahamia kwako." Pale karibu na lori watu waliangua kicheko. Hata askari aliyekuwa anahesabu majina alicheka. Mama Atanasi alicheka huku machozi yanamtoka, akapata sauti yake, akamwombea mtoto. Na Atanasi, akiwa ameshapanda, aliinama kwenye ubao wa lori akaninyooshea kidole. "Thubutu! Nikute umekilalia! Nitakuja nikutoe kwa mabuti haya haya!" Lori likaondoka. Nilirudi karakanani nikashona vifungo mpaka jioni.

Sikukilalia, bila shaka. Kila asubuhi Mama Atanasi alifagia kile chumba, akatandika upya shuka ambalo hakuna aliyelivuruga. Barua ilikuja moja, Februari, imekunjwa mara nyingi, ya kusalimia ndugu wote na kuulizia mvua, na chini kabisa ameandika: Mwambieni Mngoni asiguse kitanda. Kastori aliisoma kwa sauti tukiwa tunakula kande. Mama yake akamwambia airudie sehemu ile, akairudia, tukacheka, kisha akamwambia airudie tena. Usiku huo nililala nikiwa na furaha ambayo hata ndoa yangu, Mungu anisamehe, haikuwahi kunipa sawasawa.

Walikuja Mei, mahindi yakiwa yanakauka shambani. Walikuwa wanaume wawili wa ofisi na askari mmoja mwenye cheo, na askari alivua kofia kabla hajafika uani, kwa hiyo Mama Atanasi alijua angali na ungo mkononi. Atanasi alikuwa ameshazikwa huko huko vitani Kagera pamoja na wenzake. Walitukabidhi kikombe cha bati na kile kitambaa cha mahindi, kimefuliwa. Ndugu walishuka kutoka Kilolo na vyakula na mikeka, nyumba ikajaa, na ukawa msiba wa ajabu kwa sababu hapakuwa na jeneza, hapakuwa na kaburi, watu hawakujua waelekeze macho wapi. Wazee walizungumza ukumbini kwa Kihehe, mimi nikiwa jikoni, na nilielewa vya kutosha. Mmoja alisema, "Bila kaburi mtani atafanyia wapi kazi yake?" Mwingine akajibu, "Kuna kitanda."

Ndipo walipoanza kunisubiri. Hakuna aliyeniamrisha. Walikaa tu, siku ya kwanza, siku ya pili, sauti zikishuka kila nilipopita na maji. Nilijua kila hatua. Niingie kwa kishindo, nijitupe kitandani na viatu vyangu, niseme Mhehe umekwisha, mali ni yangu. Wao waje wanivute miguu, nigome, waniletee kuku, mama acheke kidogo tu, kiasi cha kupumua, na kutoka hapo ale chakula. Alikuwa hajala siku mbili. Siku ya tatu mchana niliingia. Watu wakasogea ukumbini wakijaa mlangoni. Nikakitazama kitanda, shuka limenyooshwa, mto umewekwa katikati kwa vipimo, na nikafungua mdomo. Kilichotoka ni kilio. Nililia kama mke. Nilipiga magoti nikalia nimeshika ubao wa mninga, nikasikia watu mlangoni wakirudi nyuma mmoja mmoja.

Mama Atanasi aliingia akafunga mlango. Hakupaza sauti. "Wewe unalia nini?" aliniuliza. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, mimi nilisema wamuue." "Ulikuwa unatania," akasema. "Mimi nilikuwepo, nilicheka. Mtani akisema hivyo, kifo kinasikia kinaona aibu kinapita. Sasa wewe unalia. Mtani halii, Mngoni. Ukilia wewe, basi siku ile haukuwa utani." Akageukia mlango. "Waliaji ninao, wamejaa hapo nje. Nilikuwa na mtani mmoja." Akafungua mlango akatoka, na mimi wiki ile ile nikafunga sanduku langu nikapanda basi la Mbeya. Huko nilipata kazi, nikaolewa na mtu mpole wa Tukuyu, nikazaa, nikamzika mume wangu. Wengine wakimaliza vita hurudi na makovu. Mimi nilimaliza vile vita bila kuondoka Iringa, na nikaona haya hata kusema kwamba vilinigusa.

Nilirudi mara moja tu, Kastori alipooa. Mama Atanasi alikuwa ameshahamia shambani Kilolo, na kitanda nacho kilibomolewa, kikapandishwa kwenye trekta, kikaungwa tena huko katika chumba cha peke yake. Alinipokea vizuri mno. Aliniandalia kiti, akaninawisha mikono, akaniwekea paja la kuku. "Karibu mama," aliniambia. "Kula mama." Nilijaribu. Nilisema kitu kuhusu mbwa, sikumbuki nini. Alitabasamu kama mtu anavyotabasamia mgeni wa serikali, akanisogezea mboga. Nimewahi kutukanwa na watu wenye vinywa vichafu kweli kweli, lakini sijawahi kuumizwa kama nilivyoumizwa na lile "mama". Kastori alinisindikiza hadi barabarani akaniambia kwamba kitanda kinatandikwa kila asubuhi, na kwamba hata mgeni akikosa pa kulala analazwa chini.

Haya yote nilikuwa nayo kwenye basi la alfajiri siku ya maziko, kiti cha dirishani, misitu ya Mafinga ikipita. Kijana aliyekaa karibu nami alikuwa anacheza vita kwenye simu, anawapiga watu risasi kwa kidole gumba, wanaanguka, wanafufuka, anaendelea. Alipochoka alitazama habari, na huko pia palikuwa na vita, ndege ndogo isiyo na mtu ndani inashuka juu ya paa la mtu. Nikafikiri kwamba babu zetu walipopigana walikuwa karibu kiasi cha kunusana, na labda ndiyo maana waliweza baadaye kutaniana. Sijasikia kama tuna mtani upande wa pili wa Kagera. Na huyu anayeendesha ndege ile akiwa kwenye kiti chake, nani atakuja kuficha sufuria msibani kwake? Kijana aliniona nikimtazama akaniuliza, "Bibi, unashuka wapi?" Nikamwambia nakwenda kuchukua kitanda. Akaitikia vizuri tu, akarudi kwenye mchezo.

Nilikuta Kilolo pamejaa maturubai na viti vya kukodi. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na karatasi ya ratiba: sala, wasifu, salamu za jumuiya, kuaga, kuelekea makaburini. Watani hawamo. Kastori amekuwa mzee, ameinama, ana mvi zote, alinikumbatia, akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, dada," akaninong'oneza, "Mnyalukolo, ndugu yangu, hatujampeleka popote bado. Yuko ukumbini. Chumba ndiyo kile." Jeneza lilikuwa katikati ya ukumbi, na mlango wa chumba ulikuwa kando yake, wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hata wiki aliyokuwa akikata roho, mtu mwingine alikuwa ameambiwa akitandike. Nilisimama pale kizingitini, magoti yananiuma, watu wananitazama bila kujua mimi ni nani, na kilio cha mwaka ule kikaanza kunirudia. Nikajikumbusha uso wa Mama Atanasi aliponisogezea mboga. Nikaingia kwa kishindo, na viatu vyangu vyenye tope, nikajitupa.

Kitanda kililia kama lango la zizi na kuinamia upande mmoja, nusura nibingirike ukutani. Nikabaki nimeshika ubao. Miaka yote ile ya kusifiwa, mguu mmoja ulikuwa mfupi! "Wahehe!" nilipiga ukelele, sauti ikanitoka yote. "Wahehe wezi nyie! Miaka hii yote mnanifichia kitanda kibovu namna hii! Huyu alikuwa seremala, au alikuwa anachunga kitoweo chake kinachobweka?" Ukumbini kikasikika kipaza sauti kikikoroma tu. Halafu bibi mmoja, sijui ni nani, akacheka. Akacheka mwingine. Nikamwona Kastori ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, anacheka, machozi yanamwagika kwenye koti lake la msiba. "Toka, Mngoni!" akaniambia. "Toka tumpitishe mama!"

"Sitoki!"

"Tutakupa kuku!"

"Kuku wenu wapeni mbwa mnenepeshe! Mwenye kitanda alisema atakuja kunitoa mwenyewe kwa mabuti. Namsubiri yeye."

Walicheka wote, hata vijana ambao hawakujua wanacheka nini, na katikati ya vicheko hivyo wakambeba Mama Atanasi, wakampitisha mlangoni kwangu, kama inavyotakiwa. Mimi niligeukia ukutani, watu wasinione uso. Nikasikiliza miguu ikipita ukumbini, viatu vya ibada, kandambili, mabuti ya mvua ya vijana waliochimba kaburi. Jozi moja ya mabuti ilisimama kizingitini, nikazuia pumzi. Kisha nayo ikaendelea na wenzake.